Kifaransa cha Kwenye Kaseti

Wifi yangu alipofika Kitale hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na mimi sikuwa nimewahi kusikia Kifaransa kikitoka mdomoni mwa mtu. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi ya mbegu za mahindi. Alitumwa Kameruni kwa mafunzo, akakaa huko karibu mwaka mzima, na pamoja na cheti akarudi na mke.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niko tu nyumbani kwetu Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, nikingoja mambo ambayo hayakuwa na haraka ya kuja. Mama akaniambia, "Si uende ukae na bibi ya kaka yako? Mtu ametoka mbali hivyo, ataongea na kuta?"

Nikaenda. Kaka alikuwa akitoka alfajiri kwenda mashambani, na sisi wawili tukibaki jikoni, tumejifunika leso kwa sababu ya baridi ya Kitale, tunaoneshana vitu kwa vidole. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, changu kilikuwa cha mitihani. Tulisalimiana, tukatabasamu, tukaishiwa.

Kaka alikuwa na kitabu cha kujifunzia Kifaransa alichosafiri nacho. Nilikichukua nikakaa nacho siku mbili, kisha asubuhi moja nikasimama mbele ya wifi na kumsomea kwa sauti, "Komenti alezi vousi?" Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Kisha akaelewa kwamba nilikuwa nikimuuliza hali yake, akacheka hadi akakaa juu ya gunia la makaa. Akanipokonya kitabu, akakipandisha juu ya kabati mahali ambapo mimi sifiki, akagusa sikio lake.

"Écoute," akasema. Akagusa na langu. "Écoute."

Sikiliza. Hilo ndilo neno la kwanza nililojifunza, na sikuwahi kukiteremsha kile kitabu.

Cha kusikiliza kilikuwepo. Mama yake wifi hakuipenda simu, maana ilikuwa ikikatika kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Yeye alikuwa akirekodi kaseti. Aliiweka redio mezani nyumbani kwake Yaoundé, akabonyeza, akaendelea na shughuli zake huku akimsimulia binti yake habari za pale nyumbani, kisha akaituma kwa posta. Baba na mama wa wifi walikuwa wa makabila mawili tofauti, kwa hiyo lugha ya nyumba yao ilikuwa Kifaransa tangu watoto wakiwa wachanga. Kaseti ikifika Kitale, wifi aliitia kwenye redio yetu juu ya dirisha la jiko, na nyumba yote ya Yaoundé ikaingia: sufuria zinagongana, baba anakohoa, mdogo wake anaingilia kati, mvua inapiga mabati, na mama anaongea tu.

Mwanzoni maneno yake yalikuwa kwangu kama sauti ya mtu anayeburuta kiti sakafuni bila kukinyanyua. Hakukuwa na mahali neno moja linapoishia na lingine linapoanzia. Lakini tulikuwa tukizirudia zile kaseti, kwa sababu wifi alikuwa na hamu ya kwao, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nikimenya viazi, sina pa kwenda. Baada ya muda nikaanza kuona kwamba kila alipomaliza jambo, yule mama aliinua sauti kidogo na kusema kitu kile kile. Nikawa nakingoja. Siku moja kikaja, nikakisema pamoja naye: "Tu vois, non?"

Wifi akageuka na kisu mkononi. "Encore!" akapiga kelele. Tena!

"Tu vois, non?" Unaona, sivyo? Nilisema tena na tena, nikipandisha sauti pale pale anapopandisha mama, na wifi akawa anapiga makofi kama tuko uwanjani.

Kuanzia hapo sikushikika. Niligundua kwamba kile kitabu, kwa nilivyokisoma zile siku mbili, kilikuwa kimeandika "sijui" kwa maneno manne, lakini mama wa Yaoundé aliyameza yote likatoka moja, "chépa", kama mtu anayepiga chafya ndogo. Niligundua tena kwamba betri zikianza kuisha, kaseti huzunguka polepole, sauti ya mama inakuwa nzito, na mimi naelewa vizuri zaidi! Wifi alilalamika kwamba mama yake ameanza kuongea kama ng'ombe. Mimi nilisema betri bado ziko sawa, tuzivumilie kidogo.

Na kulikuwa na neno moja ambalo mama alilisema kwa mtu aliyechoka, kwa mtu aliyefiwa, kwa jirani aliyepita na mzigo kichwani: "Ashia." Nilimuuliza wifi maana yake. Alijaribu kwa Kiingereza, akashindwa. Akajifanya amejikwaa, akajishika mguu, kisha akajielekeza kidole na kujiambia kwa huruma, "Ashia, ashia."

"Pole!" nikasema. "Hiyo ni pole!"

"Polé?"

"Pole. Kwa kila kitu."

Tulishikana mikono tukarukaruka katikati ya jiko. Waingereza walikuwa wamekaa kwetu miaka yote ile na hawakuacha neno la kutosha kwa pole, na hawa watu wa mbali kabisa walikuwa nalo.

Kuongea kulikuja bila kubisha hodi. Alasiri moja wifi alikuwa akianua nguo nje, mimi niko mlangoni, nikasikia harufu. "Attention, ça brûle!" nikapaza sauti. Angalia, inaungua! Akakimbia, akaokoa maharagwe, na ni wakati anakwangua sufuria ndipo sote wawili tulipotambua nilichokuwa nimefanya. Sikuwa nimefikiria Kiswahili kwanza. Yalitoka yenyewe. Tulikula maharagwe yale yenye ladha ya moshi kwa furaha sana, na kaka aliporudi akauliza kama tumelewa.

Mwaka uliofuata wifi akawa mjamzito. Siku zilipokaribia ilikuwa msimu wa kupanda, kaka hashikiki nyumbani, basi mama akaamua tuhamie Kanduyi ili mkwe wake ajifungulie karibu naye. Na mama wa Yaoundé akatangaza kwamba anakuja mwenyewe. Angepanda ndege hadi Nairobi, kisha ndogo hadi Eldoret, na kaka angempokea huko.

Asubuhi ya siku hiyo wifi akashikwa na uchungu. Kaka na mama wakamkimbiza hospitali Bungoma mjini, mimi nikabaki nikipiga deki chumba cha mgeni wetu. Kabla ya saa sita simu ikalia. Ilikuwa kaka.

"Daktari amesema watamfanyia opareshoni. Enda wewe Eldoret."

"Niende niseme nini?"

"Si nyinyi huongea kila siku? Ongea hivyo hivyo."

"Naongea na bibi yako! Sijawahi kuongea na mtu mwingine!"

"Basi leo utaanza, bana," akasema, akakata simu.

Jirani yetu aliyekuwa na pikapu ya kubebea maziwa alikubali kunipeleka. Njia nzima nilitunga sentensi. Nilizisema kwa sauti, nikazipanga upya, jirani akiniangalia kwa pembe ya jicho. Tulipofika uwanja wa ndege zote zilikuwa zimenitoka kichwani.

Abiria wakaanza kutoka. Nilikuwa nimeona picha ya yule mama, lakini picha haikunisaidia. Kilichonisaidia ni sauti. Nyuma ya watu, kabla sijaona uso, nilisikia mtu akimkemea mbeba mizigo: "Doucement, hein! Doucement! Il y a l'huile dedans!" Polepole, kuna mafuta ndani! Ilikuwa ni ile sauti ya dirishani kwetu, sasa ina miguu, ina kitambaa kikubwa cha njano kichwani, inakuja.

"Maman!" nikaita. "Bonne arrivée, Maman!" Karibu, Mama!

Akasimama. "C'est toi, la petite?" Ni wewe, yule mdogo?

"C'est moi."

Akanikumbatia, kisha akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia. "Ma fille est où?"

Binti yangu yuko wapi. Nilielewa kila neno, na kwa mara ya kwanza nikatamani nisingeelewa. "Elle est à l'hôpital, Maman," nikasema. "Le bébé arrive. On va l'opérer." Yuko hospitali, mtoto anakuja, atafanyiwa opareshoni.

Akanishika bega kwa nguvu. Maneno yakaanza kumtoka kwa kasi ambayo kaseti haikuwahi kuwa nayo, nikaona anaponyoka, nikaona ile sauti ya kiti kinachoburutwa inarudi. Nikamshika mikono yote miwili. "Doucement, Maman. Je comprends, mais doucement." Naelewa, lakini polepole.

Akavuta pumzi. Akaanza upya, neno kwa neno, na nikayapata yote. Daktari ni mzuri? Damu ipo? Nani yuko naye?

"Mon frère est là. Ma mère est là, depuis le matin." Kaka yangu yupo, mama yangu yupo, tangu asubuhi.

"Ta maman est là?" Mama yako yuko pale?

"Oui."

Akaguna, akafunga kitambaa chake upya. "Bon. Si ta maman est là, on part." Basi kama mama yako yupo, twende.

Tulibanana watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Alisali, midomo ikimcheza. Tulipoingia Webuye na ile harufu ya kiwanda cha karatasi, akainua pua.

"C'est quoi, ça?"

"Anasemaje?" jirani akauliza.

"Anauliza hiyo harufu." Nikamgeukia mama. "C'est le papier, Maman. Ici, on fait le papier."

Akafikiri. "Le papier pourri?" Karatasi iliyooza?

Nilicheka kabla hata hajafunga mdomo. Nikamtafsiria jirani, naye akacheka hadi akapangusa macho. "Mwambie sisi tumezoea. Mwambie ati hata yeye akikaa wiki moja hatasikia kitu!" Nikamwambia, mama naye akatabasamu kidogo, na ni hapo simu yangu ilipolia.

"Msichana," kaka akasema. Alikuwa analia. "Wote wako sawa."

"C'est une fille!" nikapiga kelele. "Elles vont bien! Toutes les deux!"

Yule mama alitoa kilio cha furaha ambacho nadhani kilisikika hadi reli. Jirani aliruka, usukani ukaruka naye, pikapu ikaacha lami ikaingia kwenye majani na kuzima. Hakuna aliyejali. Mama alikuwa ananibusu mashavu, akambusu na jirani, mzee wa watu ambaye sidhani aliwahi kubusiwa mchana kweupe. "Mwambie hongera," jirani akarudia rudia, akitafuta ufunguo. "Mwambie hongera, sasa nitaendesha vizuri."

Mama yangu alikuwa akitungoja kwenye korido ya hospitali, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama. Wale wanawake wawili wakatazamana.

"Mwambie karibu," mama akasema. "Mwambie mtoto wake amevumilia sana."

Sikuwa na neno la kuvumilia. Nililitafuta, halikuwepo kwenye kaseti yoyote. Nikasema, "Elle a été très forte." Alikuwa na nguvu sana. Lilitosha. Mama wa Yaoundé akaishika mikono ya mama yangu, viatu na vyote.

"Ashia, ma sœur."

"Anasema pole, dada."

Mama akanigeukia, macho yamemtoka. "Kumbe kwao pia husema pole?"

"Husema, Mama."

"Basi mwambie na yeye pole ya safari. Mwambie melusi." Hiyo merci, yaani asante, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, na haikuwahi kutoka sawa.

Usidhani walielewana kwa kila kitu. Wifi aliporudi nyumbani, mama yake alibandika sufuria kubwa ya maji na kutaka kumkanda tumbo kwa maji ya moto, jinsi mzazi anavyokandwa kwao. Mama yangu akasimama kati ya sufuria na mlango. "Mwambie mtu wa opareshoni hakandwi tumbo! Mwambie mshono utaachia!" Mwingine akasema yeye amekanda wanawake tangu ujana wake na hajaua mtu. Walikuwa wakinitazama mimi huku wakigombana wao, na mimi nikiwa katikati, jasho linanitiririka, nageuza shingo huku na huku, maneno yanapita ndani yangu bila kusimama popote. Nilifurahi kupita kiasi, ingawa sura niliiweka ya huzuni kwa heshima yao. Mwishowe wakapatana: mgongo na miguu ikandwe, tumbo liachwe. Wifi, ambaye tumbo lilikuwa lake, alikuwa amelala muda wote huo.

Mama wa Yaoundé alikaa nasi hadi mahindi yakafika magotini, kisha akarudi kwao, na sisi tukarudi Kitale na mtoto.

Huko ndiko tulikogombana, wifi na mimi, kwa mara ya kwanza kabisa. Nguo za mtoto zilinyeshewa kwenye kamba. Alisema ni mimi nilizisahau. Nilisema ni yeye aliyesema ataanua. Alianza kwa Kifaransa cha hasira, cha mbio, kile asichowahi kunitupia kwa sababu siku zote alikuwa akinipunguzia mwendo, na nikakidaka chote na kumrudishia kwa mwendo ule ule, mikono kiunoni. Tukafika mahali sote tukaduwaa, tukatazamana, tunazuia vicheko na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kucheka.

Kaka akatokea mlangoni na tope kwenye viatu. Kifaransa chake kilikuwa cha darasani, cha mbegu na mbolea. "Mnasema nini?" akauliza.

"Attends!" tukamwambia kwa pamoja. Ngoja! Tulikuwa hatujamaliza.