Alama Kwenye Fimbo ya Josho

Nilifunua sikio la Sinde, ng'ombe wangu wa mwisho, nikakuta kupe wazima wamejazana kama punje za mtama. Juzi yake tu nilikuwa nimemwogesha mwenyewe. Mitoki ilikuwa imevimba chini ya masikio, povu linamtoka puani. Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Kabla jua halijapanda akawa amekufa, na mhudumu wa josho nilikuwa mimi.

Kazi ile niliipata nikiwa nimeishia darasa la nne. Siku ya kwanza Daktari, ndivyo tulivyomwita afisa mifugo wa kata, mama mfupi mwenye buti zinazompwaya, alinionyesha josho: mtaro wa saruji uliojaa maji ya dawa. Ng'ombe anarukia huku, anaogelea, anatokea kule akichuruzika. Akanipa fimbo yenye alama.

"Baba Neema, hii inapima kina. Ukali wa dawa haiujui. Ukiongeza maji, ongeza na dawa yake."

Mama yule alikuwa mtu wa kazi. Fahali aliyewashinda wanaume wanne yeye alimshika sikio kama la mwanawe, akahesabu kupe, akaandika. Wafugaji walitoka mbali, hata kule Ivuna, kumfuata.

Halafu kamati ya josho ikapata mwenyekiti mpya, Sikanyika. Maji yakipungua ananiambia, "Jaza."

"Na dawa, mwenyekiti?"

"Si imefika alama? Au na alama hujui kusoma?"

Watu wakacheka. Nikajaza. Hilo silikatai, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kupe walipoanza kurudi, nilimwambia Daktari wameizoea dawa, kama mlevi na gongo. Akatikisa kichwa.

"Kupe mmoja hazoei, Baba Neema. Kupe hawafanani. Kati ya maelfu, wachache wamezaliwa hivyohivyo, dawa hafifu haiwaui. Wenzao wakifa, wao ndio wanaobaki kuzaa, na watoto wanawarithi. Wewe si unachagua dume la kupanda ng'ombe wako?"

"Nachagua."

"Basi na josho lenu linachagua. Mmewachagulia kupe wazazi."

Nilikaa chini kwenye saruji. Mtu wa darasa la nne, lakini nilielewa vizuri sana. Mdudu mdogo vile, hana shule, hana kamati, na kizazi kwa kizazi anatoka mgumu kuliko babu yake! Mpaka leo namheshimu kupe. Yeye hakufanya hila yoyote. Amezaliwa, amepona, amezaa.

Daktari akaandika barua kwa kamati: maji ya josho yamwagwe, dawa ibadilishwe. Barua aliipokea Sikanyika, ikaishia mfukoni mwake. Daktari akahamishwa. Msimu ule tulizika ng'ombe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mimi peke yangu saba, Sinde wa saba. Josho likafungwa, nami nikastaafu bila hata kuagwa.

Ng'ombe wa Sikanyika hawakuwahi kukanyaga joshoni kwetu. Aliwanyunyizia kwa bomba nyumbani kwake, na makopo ya dawa ya josho niliyaona uani kwake kwa macho yangu. Wako hai wote, wamenona.

Fimbo ninayo bado. Nitaileta kwenye mkutano wa kijiji. Sikanyika, na wewe uje. Usimame mbele ya waliozika, uishike mkononi, utuambie: dawa uliyotunyima joshoni iliogesha ng'ombe wa nani?