Mvua ya Shambani

Mwaka ule wazazi wangu walinuniana, Mungu akawa mjumbe wao. Baba alikuwa amechimba udongo wa tofali kwenye kona ya shamba la alizeti la mama, pale nyumbani Mgori, bila hata kumuuliza, kisha akaja kuzianika tofali zenyewe uani. Tangu hapo hawakusemeshana. Ila kila jioni baada ya kula tulisali pamoja, maana kununa ni kununa na sala ni sala.

Baba ndiye aliyeanza. Alimwomba Mungu azuie mvua mpaka tofali zikauke na kuchomwa. Mama akapokea, akaomba mvua inyeshe upesi kwa sababu alizeti yake ilikuwa inanyauka. Sisi watoto tuliitikia Amina kwa wote wawili. Sikujua Mungu angefanya nini na nyumba kama yetu. Ningekuwa Yeye ningeihama.

Kibaya zaidi, nyuma ya mlango palikuwa na mfuko mkubwa wa mama, umefungwa kwa kamba. Sote tuliamini amekusanya nguo zake ili arudi kwao Nduguti. Mimi niliogopa. Baba naye aliogopa, lakini kumuuliza mama hakuweza, kwa hiyo akamuuliza Mungu.

"Bwana," alisema jioni moja kwa sauti ya chini, "na ule mfuko nyuma ya mlango, Wewe unaujua."

Zamu ya mama ikafika. "Bwana, Wewe unajua kilichomo. Sina haja ya kukuambia."

Tukaitikia Amina, hatujaelewa kitu.

Mvua ilikuja mchana, tena ya nguvu. Baba alisimama mlangoni akizitazama tofali zake zinavyolainika. Mama akampita mbio na ule mfuko, akaufungua kamba, akatoa turubai jipya na kuanza kufunika. Tukakimbia kumsaidia, baba nyuma yetu. Turubai lilitosha nusu tu, zilizobaki zikarudi kuwa tope. Baba, kalowa chapachapa, ameshika pembe ya turubai, uzalendo ukamshinda.

"Si mvua yako hii?"

"Mimi niliomba ya shambani," mama alisema. "Ya hapa sikuiomba."

Siku hizi watu wakibishana mbele yangu kama maombi yana kazi yoyote, huwa nacheka peke yangu. Kuhusu mvua sijui. Najua tu kwamba bila ile sala ya jioni, kila mmoja wao asingesikia sauti ya mwenzake msimu mzima.

Jioni ile baba alifumba macho, akaanza kushukuru, akakwama. Nikafumbua jicho moja.

"Bwana," alisema, "tupishe kidogo." Akamgeukia mama. "Mama watoto, asante."

Mama hakufumbua macho.

"Funga maombi kwanza," alisema, "halafu tuongee."