Kabati la Mama Halina Milango

Nyie wasomaji mna tabia moja inanichosha. Nikiandika neno fulani limetoka wapi, lazima mmoja aulize: "Sasa hiyo inatusaidia nini?" Haya, kaa nikwambie ilivyomsaidia Fundi Randa.

Ni seremala. Jina kapewa na wenzake, maana randa haimtoki mkononi. Kazi anayojivunia kuliko zote ni kabati alilomtengenezea mama yake jikoni. Milango yake inafungana kimya kama midomo ya mtu aliyenuna.

Mama akaanza kusahau. Watu anawajua vizuri, shida ni vitu: ukishafunga mlango wa kabati, vilivyomo kwake havipo tena. Akawa anashinda bila hata chai. Ukimuuliza, "Vikombe wameniibia, mwanangu." Dada yake Fundi, mwalimu wa Kiingereza, akakata shauri kwamba mama ahamie kwake.

"Nyumba hii nimeijenga na baba yenu," mama akasema. "Mkitaka nitoke, mnibebe."

Siku ya kufungasha ikafika. Dada anaviringisha sahani kwenye magazeti na kuzipanga kwenye boksi, Fundi kakaa tu, uso kaukunja. Dada akaona amchokoze kidogo.

"Unajua Waingereza wa zamani wangelikataa hili kabati lako?"

"Kwa kosa gani?"

"Neno lenyewe tumelitoa kwao, 'cupboard'. 'Cup' ni kikombe, 'board' ni ubao. Lilikuwa ubao tu wa kupangia vikombe, kila anayepita anaviona. Milango ilikuja baadaye."

"Ubao mtupu? Mafundi wao walikuwa wavivu."

Akaitazama ile milango, akamtazama dada yake, akachomoa bisibisi mfukoni.

"We, unafanya nini?"

"Shika huo mlango usianguke."

Akalegeza bawaba moja baada ya nyingine. Tusidanganyane, ilimuuma. Mlango wa mwisho aliupapasa kwanza, ndipo akauegemeza ukutani. Sahani akazitoa kwenye magazeti, akazirudisha mahali pake.

Mama akaingia. Akasimama mbele ya vikombe, akagusa kimoja.

"Kumbe wamevirudisha."

Akabandika maji. Majani ya chai kayaona mwenyewe, sukari kaiona mwenyewe, hakuna aliyemwelekeza. Alipowapa vikombe vyao, akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, fundi mzima unaacha kazi nusu? Milango iko wapi?"

"Ndiyo mtindo wa Kizungu, mama."

"Wazungu nao wana mambo."

Dada akanywa chai yake hadi mwisho. Halafu akalisukuma boksi chini ya meza kwa mguu.

"Abaki, tuone," akamwambia kaka yake. "Lakini akianza tena kushinda na njaa, usinifiche."

"Sikufichi."

Kwa hiyo wewe uliyeuliza inakusaidia nini, acha kunijibu hapa. Kama una mzazi aliyeanza kusahau, nenda jikoni kwake leo, uangalie kile anachodai kaibiwa kiko nyuma ya mlango gani. Nenda na bisibisi.