Ndama wa Kubandika

Kazini walimwita Mkasi, na jina likamkaa. Kipindi cha wanyama kilikuwa hewani tangu yeye hajaota ndevu, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekiunganisha. Wapiga picha wakirudi kutoka porini na mzigo wao, alijifungia kwenye kichumba kisicho na dirisha, akakata hapa, akaunga pale, mpaka vipande vikawa hadithi. Simba aliyetimua mbio Januari anamkamata swala wa Agosti, na watu sebuleni roho mkononi. Wenzake walikuwa wakilicheka jambo hilo, naye alicheka nao.

Kicheko kilimwisha kwa tembo mmoja jike.

Tembo yule alipotezana na ndama wake wakati wa kiangazi. Kila siku alirudi kwenye dimbwi lililokauka, akasimama tu. Wapiga picha walimpata ndama huyo, lakini hakuwa mzima: alikuwa chini ya kichaka, fisi wameshampitia. Bosi alizitazama picha zile, akakunja uso. "Tukirusha hii Jumapili jioni watu watazima televisheni. Nitafutie mwisho mwingine." Mkasi akatafuta. Alikuwa na ndama wa kundi jingine kabisa, picha za mwaka wa nyuma, anakuja mbio na vumbi lake. Akambandika hapo, akaweka mkonga wa mama unanyooka, akamwagia muziki, mambo yakaisha. Bosi alimpongeza mbele ya watu. Na yeye, bila haya, aliona amefanya la maana.

Kumbe dada yake alikuwa anatazama.

Huyu ni dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeaga anakwenda kutafuta maisha, akapotea mazima. Simu hakuna, salamu hakuna, hata wa kusema nilimwona mahali fulani hakuna. Dada aliishi kwenye chumba chenye unyevu mpaka rangi ya ukuta inabanduka, kifua kimembana, anakohoa majirani wanageuka vitandani. Binti yake alimwandalia chumba kwake, mji mwingine, kikavu, chenye jua. Baada ya kubembelezwa sana alikubali. Akafunga mizigo, akagawa ndoo na sufuria. Halafu Jumapili ile akatazama kipindi, na kesho yake akapita mlango kwa mlango kudai sufuria zake.

"Siendi," alimwambia Mkasi. "Mwanangu akirudi atarudi mlango huu. Yule tembo angehama, mtoto angemkuta nani?"

Na Mkasi alisema nini? Alimaliza chai yake, akaaga. Lakini tangu siku hiyo usingizi ulimpaa, na kila akisikia kikohozi kile alijua kina mkono wake. Aibu ilimfanya apunguze hata kwenda kumjulia hali. Mpaka binti akampigia simu. "Mjomba, daktari amesema kile chumba kitamuua. Wewe ndiye anayekusikiliza. Nenda ukaongee naye."

Alimkuta anasugua ukungu ukutani, kitambaa amejifunga puani. Akamkalisha kitandani, akamwambia yote bila kuzunguka: yule ndama hakuwa wa yule tembo, wale wawili hawajawahi kukutana, na wa kwake alikufa.

Dada aliuliza polepole. "Mlimwona amekufa?"

"Tulimwona."

"Mkampiga picha."

"Tulimpiga."

"Na mama yake mkamwacha anangoja."

Mkasi hakuweza kuinua uso. "Si yetu kuwaingilia wanyama, dada. Nisamehe."

Alitegemea dada alie au amfukuze, na lolote kati ya hayo angelipokea kwa shukrani. Dada hakufanya hata moja. Alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwake, kama alivyokuwa akimfanya utotoni sukari ikipungua kwenye kopo.

"Na mwanangu?"

"Mwanao vipi, dada?"

"Ya tembo uliyajua ukanificha. Ukanitengenezea mwisho mzuri nisilie. Ya mwanangu unajua nini?"

"Sijui kitu. Haki ya Mungu sijui."

Ilikuwa kweli tupu. Lakini alijisikia sauti inavyotetemeka, macho yanavyokwepa, akaona wazi kwamba angekuwa yeye ndiye dada, asingeamini hata neno moja. Akaapa tena, na kila alivyoapa alizidi kuharibu.

Dada alimwachia. Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Nitakwenda kwa binti yangu," alisema. "Wala sitakulaumu, mdogo wangu. Niambie tu alikozikwa."