Vidole Vinne Begani

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya mazishi, hapa mjini Embu. Watu huja na picha ya marehemu kwenye simu, na mara nyingi ni picha ya harusi ya mtu mwingine, marehemu amesimama pembeni, ameshikwa bega na shangazi. Mimi namkata, namtoa pale, namweka peke yake kwenye jalada. Bila kujisifu, ukiona kijitabu chenye mkono wa mtu asiyejulikana begani mwa marehemu, jua hakikutoka kwangu. Mkono kama huo huniudhi kweli kweli.

Ufundi huo nilifundishwa na dada yangu mdogo, ambaye alikuwa mchezaji wa gemu za kupigana risasi. Alifanya kazi ya ofisi Meru, na kila Jumamosi alikuja Embu, akashinda dukani kwangu akicheza kwenye kompyuta yangu, akalala kwangu mtaani Majimbo. Siku ya kwanza alinitazama nikikata picha, akacheka mpaka akashika tumbo. "Wee! Unaendesha kipanya kama unapalilia maharagwe!" Wiki iliyofuata aliniletea kipanya cha wachezaji, chenye kitufe mgongoni cha kubadilisha spidi. Taa nyekundu ilikuwa polepole, buluu ilikuwa kasi.

Akanielekeza. Kwanza alizima kile kitu cha kompyuta kinachojifanya kukusaidia, kinachouongezea mshale mbio ukivuta mkono haraka. "Hicho kinakudanganya," akasema. "Mkono wako haujui tena umesogea kiasi gani." Halafu tukapunguza spidi kidogo tu, nikafanya kazi siku mbili tatu mkono uzoee, ndipo tukapunguza tena. Ukishusha yote kwa mara moja, alisema, utakuwa mzito na bado utakosea. Na nisitumie kifundo cha mkono peke yake, nisogeze mkono wote kutoka kwenye kiwiko. Haki ya Mungu, baada ya mwezi mmoja niliweza kuzunguka hata nywele zilizosimama kichwani mwa mtu.

Lakini yeye alipenda buluu, na alikuwa na tabia ya kuiacha hivyo. Jumamosi moja alinipisha kwenye kiti, mteja amesimama nyuma yangu akinihimiza, nami sikuangalia taa. Mshale uliruka. Nilikata sikio la mzee wa watu, na sikuona mpaka vijitabu vyote vilipokuwa vimechapishwa na binti yake ameshika kimoja, ananiuliza, "Sikio la baba liko wapi?" Aibu niliyoipata! Nilimgeukia dada yangu mbele ya watu wote. "Toka hapa na upuzi wako! Watu wanazika, wewe unacheza kuua!"

Alichukua sweta yake akaenda. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyepaswa kuangalia taa, na nililijua hilo kabla hajafika mlangoni. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikasema atakuja tu, mimi ndiye mkubwa, ati nianze kumbembeleza? Ya pili pia hakuja. Namba yake nilikuwa nayo, simu nilikuwa nayo, na kiburi nilikuwa nacho. Wiki ya tano nilipigiwa na mwenzake wa ofisini. Homa ya mapafu, siku tatu hospitalini, na asubuhi hiyo alikuwa amefariki.

Mama, kule kwetu Manyatta, alitaka picha ambayo anacheka. "Na awe peke yake," akasema. Picha ya kucheka ilikuwa moja tu. Tulipigwa Krismasi, mbele ya shamba la kahawa la mama, mimi nimemshika begani, vidole vyangu vinne vimezama kwenye sweta yake ya manjano.

Nilishinda na picha hiyo mchana kutwa, duka nimelifunga. Hata kwenye taa nyekundu mkono ulitetemeka, na mshale ukatetemeka nao. Nikapunguza spidi kidogo, nikajaribu, nikapunguza tena, vile alivyonifundisha, mpaka kuvuka bega lake kukawa ni kusogeza mkono meza nzima. Nilianza kwa kukata uso wangu, huo ulikuwa rahisi. Kisha vidole, kimoja kimoja, nikianzia kile kidogo. Nilikuwa nalia, na sikukosea hata mahali pamoja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya mazishi nilimpa mama kijitabu cha kwanza. Alikisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya bega la binti yake. Vidole vyangu havikuwepo, lakini sweta ilikuwa na mikunjo minne pale ilipobonyezwa. Kuilainisha ni kazi ya dakika mbili. Nilikuwa nimeiona, na nilishindwa kuigusa.

"Hapa kuna mtu alimshika," mama akasema. "Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Nilijiondoa."

Alinitazama, kisha akafunga kijitabu.

"Alikuwa anangoja umpigie," akasema.