Nilipeleka wanangu kuona fainali Njombe, nikakuta wamekalia mbao zangu

Wakuu, kamwene. Wa Njombe mmeelewa, wengine pokeeni tu, ni salamu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe na wanangu watatu ni mashahidi. Atakayesema ni chai aje Makambako aulize yule muuza mbao mwenye Fuso mbili na nyumba ya vigae. Ataletwa mpaka getini.

Mimi ni la saba B. Sekondari niliiona nikipita barabarani. Nilianza kwa kubeba magogo begani kule Yakobi, nikaja kuendesha dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao msituni, na leo mzigo wangu unashuka mpaka Dodoma. Nikiongea habari za mbao, hata engineer ananyamaza asikilize.

Picha linaanza.

Kombaini ya Makambako tukaingia fainali na kombaini ya Njombe mjini, mechi inapigwa kwao. Kwa msiotujua: Njombe wana mkoa, maofisi na masweta. Sisi tuna barabara kuu, biashara na upepo. Wao wanatuita watu wa stendi, sisi tunawaita watu wa mafaili. Hapo hakuna mechi ya kirafiki wakuu, hata bonanza ni kesi.

Nina Faraja wa miaka kumi na mbili, Elia wa tisa, na Neema kitinda mimba wa sita. Mpira wanaujua wa kwenye TV tu. Nikasema hii mtaiona live, na baba yenu.

Mama yao akaanza. "Baba Faraja, Neema juzi tu katoka kukohoa."

Nikamwambia hawa ni watoto wa tajiri, wana makoti.

"Haya. Unachukua watatu, unirudishie watatu."

Jumamosi tukaondoka na pick-up. Elia alipuliza vuvuzela kuanzia getini mpaka Mtwango, nikakaribia kumshusha akaombe lifti.

Tunafika uwanjani, wakuu, ni shangwe! Ngoma upande huu, matarumbeta upande ule, moshi wa kitimoto, mahindi ya kuchemsha, kibaridi cha Njombe kinakung'ata masikio na hakuna anayejali. Neema kanishika kidole, macho yamemtoka, ananiuliza, "Baba, hawa watu wote wamelala wapi?"

Waandaaji walikuwa wamejenga jukwaa la mbao kwa ajili ya familia, safu tano kwenda juu. Watoto wa watu wamejaa, hamsini na zaidi. Mimi siwezi kukaa chini kama sina jina. Nikapandisha wanangu safu ya juu kabisa, nikawaambia majirani pale mbele za watu, "Mnaona mkoa wetu? Wengine wanajenga majukwaa kwa vyuma, sisi kwa mbao. Mbao ni sisi."

Mechi ikaanza kwa moto. Njombe wakatufunga mapema, kona, kichwa, ndani. Jukwaa zima likaruka, nikalisikia linachezacheza, nikadhani ni raha.

Baadaye kidogo kofia ya Neema ikapenya katikati ya mbao ikaanguka chini. Nikashuka kuifuata, nikaingia chini ya jukwaa.

Nainua macho, naona kichwa cha ubao kina rangi ya bluu na mistari miwili. Alama yangu! Ubao wa pili, alama yangu. Wote, alama yangu. Wakuu, nilifurahi, nikatoa simu nipige picha niweke status.

Simu iko mkononi, ndipo nikakumbuka ule mzigo.

Ilikuwa mbao za kufungia zege. Miti michanga, imepasuliwa mbichi, halafu, acha niseme tu, nyembamba kuliko kipimo. Mbao ya zege inashikilia zege siku chache, ikimaliza inakuwa kuni. Na mmoja wa walionunua aliniuliza kabisa, "Bosi, hizi zinafaa na kazi nyingine?" Nikamjibu kwa mdomo huu, "Mbao yangu inafaa kila kitu, hata ukimkalisha tembo."

Sasa juu yangu wanaruka watoto hamsini, na ubao unapinda kama upinde wa kuwindia ndege. Kwenye kifundo kimoja cha ubao nikaona ufa, mweupe, mpya. Juu ya ufa huo kuna viatu vyekundu. Viatu vya Faraja.

Nilitoka mbio kwa mtangazaji mwenye spika. Nikamwambia watangazie watu washuke. Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Mzee, ukitangaza hivyo watakanyagana. Watoto wataumia kabla ya hizo mbao kuvunjika."

Na alisema kweli. Dakika hiyo nikaona ujanja wangu wote umeisha.

Kisha nikakumbuka kazi. Fuso ya mbao haishushwi ovyo. Unaanza na za juu, mmoja kushoto, mmoja kulia, gari lisilale upande. Mtu akichomoa ya katikati, mzigo wote unamlalia. Nimefanya hivyo miaka na miaka kwa mabega haya.

Nikasimama mbele ya jukwaa. "Jamani, tunashuka polepole. Safu ya juu kwanza. Mmoja huku, mmoja huku. Hakuna kuruka."

Wakacheka! Jamaa mmoja wa Njombe akasema, "Watu wa stendi mmeshaanza kukimbia? Bado goli mbili zinakuja!" Mama mmoja akadakia, "Tajiri, tulia, umesema mbao ni ninyi."

Faraja naye kutoka juu, kwa sauti, "Baba, si kila siku unasema mbao zako hazina mfano?"

Wakuu, mimi kusema nimekosea ni kama kung'oa jino bila ganzi. Lakini nikasema, na watu wa Makambako wananisikia. "Hizi mbao ni zangu. Niliuza mimi. Ni za zege, tena mbichi, na nilimdanganya aliyenunua. Sio za kukalisha watoto. Naomba mshuke."

Yule mama, naye wa safu ya juu, ndiye alikuwa wa kwanza kunipa mtoto wake mkononi.

Tukashusha. Kushoto, kulia. Yule jamaa wa Njombe aliyetuita watu wa stendi akaja kupokea upande wa pili. Neema, Elia, Faraja. Kisha watoto wengine wa watu. Mpaka safu ya chini.

Hatujapumua, Makambako tukasawazisha! Vijana wanne kwa wazimu wa furaha wakaparamia jukwaa tupu kucheza. KRAA! Mmoja alizama mpaka kiunoni. Katolewa suruali imechanika, anacheka, anauliza goli kafunga nani. Mimi sikucheka. Palepale ndipo palipokuwa na viatu vyekundu.

Watoto wote wakakalishwa kwenye nyasi, pembeni kabisa mwa mstari. Hiyo ndiyo VIP, wakuu! Winga wetu anapita, unasikia anavyohema. Neema nimembeba begani. Dakika za mwisho, krosi, kichwa, MBILI MOJA! Elia alipuliza vuvuzela mpaka mate yakaisha. Nililia, na sio kwa baridi.

Kesho yake niliwapigia simu wote walionunua mzigo ule niliowakumbuka. Wawili walinitukana. Nilisikiliza matusi yote mpaka mwisho.

Funzo langu: ukipeleka watoto kwenye mechi, kabla ya kuwapandisha popote, inama uchungulie chini. Na kama wewe ni muuzaji wa chochote, siku moja mwanao atakikalia.

Jumapili iliyofuata tuko kanisani. Watu wote wameketi, Elia kasimama. Kainama, kachungulia chini ya benchi, kisha akaniuliza mbele ya wazee wa usharika, "Baba, hizi ni za nani?"

Nilipiga magoti nikaangalia. Nikagonga kwa kidole, mbao ngumu, kavu.

"Mninga, mwanangu. Kaa."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Povu ruksa, na mafundi wa majukwaa mnipe maujuzi. Watu wa mafaili, ile mbili moja mnaiongeleaje?