Saumu za Mama na Jua la Kaskazini

Mama alifariki akiwa na siku za Ramadhani ambazo ugonjwa ulimzuia kufunga. Kwetu Tanga, saumu kama hizo watoto humlipia mzazi. Tuko wawili: dada yangu mkubwa, anayefanya usafi hospitalini kaskazini mwa Norwe, na mimi, niliyehamahama hadi nikafika Johannesburg, ambako nauza vitambaa.

Dada alisema atazifunga zote Novemba, mchana wa kule ukishakuwa mfupi. Nilimwambia huo ni ujanja. Akasema jua ni la Mungu, si yeye aliyelifupisha.

Kila siku alinitumia taarifa. Nyuzi sita chini ya sifuri, theluji, jua limetoka saa nne, limezama saa nane, amefuturu. Nyuzi tisa chini, upepo, limezama saa saba na nusu, amefuturu. Nilizisoma kwenye teksi nikirudi nyumbani Yeoville, kiangazi kikinichoma shingo.

Kisha ikaja: nyuzi kumi na moja chini, anga safi, jua halikutoka. Kesho yake pia halikutoka. Akapiga simu. Zilibaki saumu tatu.

"Sasa nifungue kwa jua lipi? Nisije nikamharibia mama."

Nikaenda msikiti wa Mayfair, nikamngoja imamu baada ya adhuhuri. Alitaka kwanza kujua watu wanaishije huko. Halafu akasema afuate saa za mji wa karibu ambako jua bado linatoka na kuzama; saumu itasihi. Nilipompa jibu, dada alisema sheria ameielewa, ila moyo wake unataka kuliona likizama.

"Kwako linazama?"

"Linazama. Karibu saa moja jioni."

"Basi hizo tatu ni zako. Miguu yako imeshindwa kutulia, hebu tujaribu tumbo."

Nilizifunga mfululizo, toka alfajiri ya saa kumi, nikikunja vitambaa siku nzima bila kuongea sana. Jioni mbili za mwanzo nilimpelekea picha ya jua likishuka nyuma ya maghorofa. Ya tatu ilinyesha mvua ya radi. Nilipanda juu ya paa, nikaona mawingu tu. Simu ikaadhini. Nikampigia, nikamwambia saa imefika lakini sijaliona.



"Mama alifuturu kwa adhana maisha yake yote," akasema. "Jiko lake halikuwa na dirisha."

Nikanywa maji.